Namna ya Kuandaa Safari ya Mtumbwi na Kambi ya Marafiki Kando ya Ziwa Kivu

Kila mwaka mwezi wa saba unapokaribia, shule zikiwa zimefunga na mvua zikiwa zimekatika, vijana wa Bukavu, mji wa Kongo ulio kusini mwa ziwa, huanza kuulizana maswali yaleyale: mtumbwi utapatikana wapi, unabeba watu wangapi, hema lipigwe wapi, na watu watakula nini. Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa ajili ya kundi la marafiki wanane hadi kumi na wawili wanaotaka kutoka mjini kwa makafi, walale usiku mbili ufukweni, wajipikie wenyewe na kurudi salama. Haukuandikwa kwa ajili ya wavuvi, ambao wanalijua ziwa kuliko mwandishi yeyote.

Hofu mbili zimalizwe kwanza, kwa sababu huulizwa kabla ya mengine yote. Ziwa Kivu halina mamba kama Ziwa Tanganyika au mto Ruzizi wa bondeni. Ama gesi ya metani na ya kaboni dioksidi, ni kweli kwamba imejaa ziwani, lakini imezuiliwa chini kabisa, kwenye maji ya kina cha mamia ya mita, na mtu anayepiga kafi juu hapambani nayo. Kinachoua watu katika ziwa hili ni upepo, uzito na giza. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama ikiwa imekaribia bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakiiona kutoka nchi kavu, nayo ilikuwa imejaza kupita kiasi. Karibu kila onyo lililomo humu linatokana na mambo hayo matatu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kila mtu awe na jaketi la kujiokoa linalomtosha, likiwa limefungwa mwilini na si limekaliwa kama mto. Asipolipata, asiende, katika jambo hili hakuna kubembelezana. Awe pia na kitambulisho (kadi ya mpiga kura inatosha), kofia, koti la baridi, blanketi, na nguo za kubadilisha zilizofungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Ziwa liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, kwa hiyo jua la mchana linaunguza na usiku wa kiangazi una baridi ambayo mtu wa mjini haitegemei.

Vitu vya kundi ni hivi:

- mahema yenye chandarua, pamoja na turubai moja kubwa la jikoni;
- kamba nene ya mita 20 kwa kila mtumbwi, kafi moja la akiba, na makopo mawili ya kukumba maji;
- sufuria mbili kubwa, kikaangio chenye ukingo mrefu, wavu wa kuchomea, mwiko, kisu kikali na panga;
- mbabula (jiko la makaa) moja na makaa, hata kama mnatarajia kutumia kuni;
- bidoni za maji safi, vidonge vya kusafisha maji, sabuni, na jembe la kuchimbia choo;
- tochi, viberiti vilivyowekwa ndani ya chupa yenye kifuniko, na sanduku dogo la dawa;
- noti ndogondogo za franka, kwa sababu kijijini hakuna mtu wa kukuvunjia noti ya dola, na dola iliyochanika hata kidogo haipokelewi.

Mtunza fedha achaguliwe mmoja, na daftari la matumizi liwe moja. Makundi mengi hayavunjwi na mawimbi bali na hesabu.

Hatua ya 1: Chagueni tarehe kwa kuutazama mwezi

Miezi inayofaa ni ya sita, ya saba na ya nane. Katika miezi ya mvua radi hushuka ziwani ghafla, na mtumbwi hauna pa kujificha. Ndani ya kiangazi hicho, msichague usiku wa mbalamwezi kwa sababu tu unapendeza. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, huwavuta kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti kitu, hivyo wengi hubaki nyumbani. Mkitaka kula sambaza za asubuhi zilizotoka majini, nendeni wakati wa giza la mwezi.

Hatua ya 2: Ulizeni hali ya usalama, kisha ombeni ruhusa

Tangu mapema mwaka 2025 kanuni za usafiri wa ziwani zimekuwa zikibadilika. Kwa hiyo habari ya mwezi uliopita si habari. Ulizeni bandarini wiki ileile ya safari, na mwulize tena jioni ya kuamkia siku ya kuondoka. Majibu yakigongana, ahirisheni, ziwa halihami.

Ufukwe mnaouona mtupu una mwenyewe. Wiki moja kabla ya safari, watu wawili wenye adabu waende kwa chifu wa kijiji wakiwa na orodha ya majina ya kundi zima, kituo cha kuondokea na siku ya kurudi. Maneno hayahitaji kuwa mengi: «Jambo papa. Sisi ni wageni wenu kutoka Bukavu, tuko watu kumi, tunaomba nafasi ya kulala hapa usiku mbili, na tutanunua kuni na chakula kwa mama zetu wa hapa.» Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito kuliko zawadi yoyote. Muulizeni pia mahali wanapochota maji, mahali wanapooga, na kama pana makaburi au shamba jipya karibu. Nakala ya orodha ibaki kwa chifu, na nyingine kwa mzazi mmoja mjini.

Msipige picha za bandari wala za watu wenye silaha. Tena mkumbuke kwamba mpaka na Rwanda umepita katikati ya maji: kaeni upande wa magharibi wakati wote.

Hatua ya 3: Kodini mtumbwi pamoja na mwenye mtumbwi

Msikodi mtumbwi peke yake. Kila mtumbwi uwe na mwenyewe nyuma, akishika kafi la kuongozea, na neno lake juu ya upepo liwe la mwisho hata kama mmemlipa ninyi. Mtumbwi wa mbao mpana unawafaa wageni kuliko wa gogo, ambao ni mwembamba na huyumba mtu anapogeuka kuita mwenzake.

Ukaguzi unafanywa hivi. Mtumbwi uwe majini tangu jioni ya jana yake, kwa sababu mbao kavu huvuja hata zikiwa nzima, na zikilowa hufura na kujifunga. Asubuhi tazameni sakafu. Maji ya kulowesha unyayo si tatizo. Maji yanayofika kwenye kifundo cha mguu yanaonyesha kwamba pamba na lami vimetoka kwenye maungio, na mtumbwi huo uachwe. Kisha piteni kidole kwenye maungio ya chini, hasa pale mbao zinapokutana mbele. Pakibonyea kama ndizi iliyoiva, mbao imeoza.

Hatua ya 4: Fanyeni mazoezi ya kupinduka

Kundi huwa linaruka hatua hii kwa aibu. Chagueni ghuba tulivu, mkiwa mmevaa majaketi na hakuna mzigo, mpindue mtumbwi kwa makusudi. Kila mmoja ajifunze mambo matatu kwa mwili wake: kuushika mtumbwi na kutouacha, kuhesabu vichwa kwa sauti, na kuugeuza kwa pamoja kutoka upande mmoja. Mbao inaelea, mtu aliyechoka haelei. Anayeuacha mtumbwi ili aogelee mpaka nchi kavu hupima umbali kwa macho, na juu ya maji macho hudanganya.

Msifanye mazoezi karibu na pale ziwa linapomwagikia Ruzizi. Pana mkondo, pana mpaka, na mbele kidogo pana bwawa la umeme la Ruzizi I.

Hatua ya 5: Anzeni kupika mkiwa nyumbani

Kwenye mwinuko wetu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, yaani karibu nyuzi 95, na hiyo ndiyo sababu maharage hukawia. Yachemsheni nyumbani mpaka yawe laini, muyachuje, muyatie chumvi, na mle usiku wa kwanza. Sombe vilevile: majani ya muhogo yanatakiwa kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake iishe, na kazi hiyo haifai kufanyiwa ufukweni kwa kuni za kubahatisha. Ipikeni kabisa, muitie mawese, muibebe ndani ya sufuria iliyofungwa kifuniko kwa mpira.

Kwa bugali, kilo moja ya unga huwatosha watu wanne kwa mlo mmoja. Waliopiga kafi tangu alfajiri hesabuni watatu. Vitunguu, ndimu, pilipili, chumvi na mafuta vibebwe kutoka mjini. Lengalenga, ndizi na samaki vinunuliwe huko.

Hatua ya 6: Pakieni mkipima kwa shubiri

Mizigo mizito ikae chini, katikati, na ifungwe. Makaa na unga vikae juu ya vipande vya mbao, visiguse sakafu. Watu wakishaingia wote, mwenye mtumbwi apime ukingo kutoka juu ya maji: ukibaki chini ya shubiri moja, kitu kishuke. Kosa la kawaida ni kupima mtumbwi ukiwa na mizigo tu, kisha watu sita wakaingia. Kosa jingine ni lile la rafiki wa kumi na tatu anayetokea bandarini na begi lake, na hakuna mwenye moyo wa kumkatalia. Mtunza fedha ndiye amkatalie, kwa kuwa yeye tayari hapendwi.

Hatua ya 7: Ondokeni alfajiri, mfike kabla ya saa sita

Asubuhi ziwa hulala, na upepo huamka kadiri jua linavyopanda. Ingieni majini saa kumi na mbili kamili. Mtumbwi uliojaa, ukipigwa makafi na wageni, hauzidi kilomita 3 au 4 kwa saa, hivyo pangeni kituo kisichozidi saa nne za safari pamoja na mapumziko.

Mwaka wa kwanza bakini ndani ya ghuba ya Bukavu, iliyokingwa na rasi. Mkishazoea, fuateni ukingo wa magharibi kwenda upande wa Birava na Ishungu, mkikaa karibu na nchi kavu kiasi cha kusikia kuku. Kuvuka kwenda kisiwa cha Idjwi kwa makafi ni safari ya maji ya wazi, wala simshauri mtu yeyote aifanye na kundi la marafiki. Kuna boti za injini kwa kazi hiyo.

Mkikutana na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, hao ni wavuvi wa sambaza wanaorudi. Msipite mbele yao wala kati ya miti yao. Wapungieni mkono, muulize bei.

Hatua ya 8: Pigeni kambi mahali pa juu kidogo

Tafuteni mahali penye mteremko mdogo, mita kadhaa juu ya alama ya mawimbi, pasipo mti uliokauka juu yake. Mitumbwi ivutwe nchi kavu kabisa na kufungwa kwenye mti.

Kwa marafiki wanaoandaa kambi upande wa kaskazini, kuzunguka Goma, Sake na Ziwa la Kijani, kuna onyo la peke yake, nalo ni la kufa na kupona: mazuku. Hiyo ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kukusanyika mashimoni na mabondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haionekani, na huzidi usiku na alfajiri upepo unapokuwa umetulia. Msilale kamwe ndani ya shimo, korongo au pango huko, hata kama mahali panaonekana pamejikinga na baridi. Majani yaliyokauka duara na ndege au mijusi waliokufa ni ishara ya kuondoka mara moja, na aliyeanguka humo hafuatwi. Wenyeji wanavijua vishimo hivyo kimoja kimoja, waulizeni.

Choo kichimbwe hatua zisizopungua sabini kutoka majini, upande wa juu, mbali na njia ya mama wanaoteka maji. Pwani zetu zina historia ndefu ya kipindupindu, kwa hiyo maji ya ziwa hayanywewi mabichi, wala kusukutulia mdomo, wala kuoshea nyanya za kachumbari. Yachemke yatokote, au yatiwe dawa na kusubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Wanaooga wakae penye mchanga mweupe, si kwenye matete, ambako konokono wa kichocho hupenda kukaa. Wasitoke mbali: ufukwe wa Kivu hukatika ghafla, na hatua chache tu kutoka kwenye maji ya magotini mguu haugusi chini.

Hatua ya 9: Washeni moto, mpike samaki

Mafiga yatoke juu, mahali pakavu. Jiwe lililolala majini limenyonya maji kwenye nyufa zake, na likipata moto mkali maji hayo hugeuka mvuke na kulipasua kwa kishindo, vipande vikiruka usoni mwa mpishi. Panga mafiga matatu, mdomo wa jiko ukielekea upepo unakotoka lakini si moja kwa moja, na turubai liwe juu sana, upande wa nyuma. Kuni zinunuliwe kijijini. Mkalitusi mkavu unawaka vizuri. Msikate mti, hata tawi, kwa sababu kila tawi lina mwenyewe anayelihesabu.

Sambaza zinunuliwe asubuhi na kupikwa asubuhi. Nzima ni ile inayong'aa kama bati jipya, yenye jicho jeusi lililo wazi; tumbo likiwa limepasuka na rangi imekuwa ya majivu, ni ya jana. Zioshwe mara mbili kwa maji yaliyotiwa dawa, zichujwe, zitiwe chumvi na ndimu, kisha zitandazwe kwenye ungo juani mpaka ngozi ikauke. Hapo ndipo wanaoanza wanaposhindwa: wanazitia kikaangoni zikiwa na maji, mafuta yanaruka, nazo zinashikana kuwa uji. Mafuta yapate moto mpaka sambaza moja ya majaribio izungukwe na mapovu papo hapo. Mtie konzi moja tu kwa wakati, msiziguse mpaka ukingo uwe wa kahawia, mgeuze mara moja, mtoe. Huliwa nzima, kichwa na mifupa, pamoja na pilipili ya kusaga na bugali ya moto.

Tilapia achomwe jioni juu ya makaa, si juu ya miali. Mpasueni, mmchanje pande zote mbili mpaka karibu na mfupa, mmpake chumvi, kitunguu na ndimu, mumwache kwa nusu saa. Wavu upashwe moto kwanza na kupakwa mafuta, la sivyo ngozi itabaki kwenye wavu. Mkono wako ukiweza kukaa juu ya makaa kwa hesabu ya nne au tano, moto umefaa. Samaki akikataa kugeuka, hajaiva upande huo, mwacheni.

Bugali ipikwe kwenye mbabula. Mafiga yana mwali usiotulia, na mwenye mwiko anahitaji sufuria isiyotikisika.

Hatua ya 10: Lala mapema, rudi mapema

Saa kumi na mbili na nusu jioni giza limeshaingia, kwa hiyo vyombo vioshwe kabla yake. Hakuna anayeingia majini baada ya giza, wala baada ya kasiksi, pombe ya ndizi; ziwa halina huruma na mlevi. Moto uzimwe kwa maji, si kwa mchanga tu, kwa kuwa makaa yaliyofukiwa huishi mpaka asubuhi na watoto wa kijiji hutembea miguu mitupu. Takataka zote zirudi mjini. Kabla ya kuondoka mpitieni chifu mumuage.

Mambo yakiharibika

*Upepo umewakuta katikati ya maji.* Wote washuke kukaa sakafuni. Mbele ya mtumbwi paelekee mawimbi kwa mshazari kidogo, mmoja akumbe maji, wengine wapige kafi kuelekea nchi iliyo karibu, hata kama siyo mnakokwenda.

*Maji yanaingia kwenye ufa.* Sukuma kitambaa kikavu ndani ya ufa kwa ncha ya kisu; kitalowa na kufura. Kisha elekeeni ufukweni.

*Bugali ina madonge.* Unga uliingia maji yakiwa yanachemka sana na ukatiwa wote kwa pamoja. Punguza moto, ongeza maji kidogo ya moto, songa ukikandamiza kwenye ukingo wa sufuria.

*Mtu anaharisha.* Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogokidogo bila kukoma. Choo kikiwa maji matupu kama ya kuoshea mchele, msisubiri asubuhi wala dawa ya mtu: kituo cha afya kilicho karibu, kwa njia ya nchi kavu.

*Simu imemaliza salio bila kupigwa.* Imeshika mtandao wa ng'ambo. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wako mwenyewe kwa mkono, na uzime data.

*Siku ya kurudi ziwa limechafuka.* Subirini mpaka alfajiri inayofuata. Ndiyo maana unga hubebwa wa mlo mmoja zaidi, na ndiyo maana mzazi yule mwenye orodha hupigiwa simu kabla ya saa sita mchana, aambiwe mko salama nchi kavu na kwamba mtafika kesho.